Deni la baba lililobaki kwenye sertifika: mambo ya kufanya mbele ya kuuza au kununua



Safari hii sitaandika juu ya mbegu wala juu ya ugonjwa wa mihogo. Nitaandika juu ya karatasi. Najua wengine mtasema: "Agronomi anaingia fasi haimuhusu." Ni kweli, kule institu tulisoma udongo, hatukusoma sertifika. Lakini nimeona kooperative moja ya Ankoro ikikaribia kupoteza akiba ya misimu miwili kwa sababu ya mistari mine iliyopigwa kwa mashini ya zamani. Kwa hiyo naomba mnisikilize.

Ile kooperative, jina lake naliacha kama wenyewe walivyoniomba, inakusanya mahindi, mpunga na karanga za wanamemba. Kila mwaka shida ni ile ile: mavuno yanatoka, depo hakuna. Wanapanga nyumba karibu na bandari, na mwenye nyumba anapandisha bei akiona magunia yamekuwa mengi. Mwaka mmoja mvua iliingia, mahindi yakaota ndani ya magunia. Hapo wanamemba wakapatana: kila mmoja atatoa sehemu ya mauzo yake mpaka wapate depo yao wenyewe. Misimu miwili ikapita, sanduku likajaa kidogo kidogo.

Halafu wakasikia familia moja inauza uwanja wenye depo ya matofali juu ya ukingo wa Lualaba, si mbali na pale Luvua inapoingia. Mabati yametoboka, lakini kuta ni nzima. Baba wa familia alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na samaki, alifariki zamani. Mtoto wake mkubwa, ambaye sasa naye ni mzee, ndiye aliyekuja kuzungumza bei. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwenye haraka: mke wake alikuwa mgonjwa, alitaka kumpeleka Lubumbashi.

Mimi niliitwa kuangalia paa, hewa na unyevu. Walipokuwa wanapima kuta kwa kamba, mzee akanipa sertifika nishike. Nikaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na muhuri na ile mistari mine: ipoteke, zaire 600,000, kwa faida ya banki fulani, mwaka 1986.

Nikamuuliza: "Mzee, na hii?"

Akacheka. "Aa, ile! Ile deni papa alilipaka yote. Mi mwenyewe nilipelekaka feza ya mwisho ku banki, nilikuwa kijana. Sasa ile banki haiko, hata ile feza haiko. Nani atakuja kuuliza?"

Nilimwamini, na hata leo namwamini. Lakini kumwamini mtu ni jambo moja, na kilichoandikwa ndani ya buku la serikali ni jambo lingine.

Rehani inafuata uwanja, haifuati mtu

Tuanze na msingi. Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya usajili inayotolewa na konservateri wa viwanja. Sertifika inatengenezwa mara mbili: moja inabaki ndani ya buku kubwa kwenye ofisi ya konservateri, nyingine anapewa mwenye uwanja.

Mtu akikopa banki na kuweka uwanja wake kama dhamana, rehani hiyo (watu wa banki wanaiita ipoteke) inaandikwa ndani ya buku lile. Tangu siku hiyo, mwenye kukopesha ana haki juu ya uwanja wenyewe. Mwenye uwanja akiuza, rehani haibaki naye. Inakwenda na uwanja mpaka kwa mnunuzi. Siku moja mtu akija na haki ya banki mkononi, hatamfuata yule mzee aliyekwenda Lubumbashi. Atakuja kwenye depo yenu, na magunia yenu yamo ndani.

Kitu cha pili ambacho wengi hawakijui: kulipa deni hakufuti maandishi. Deni likilipwa, rehani haina tena kazi, ni kweli, kwa sababu rehani inaishi kwa ajili ya deni. Lakini buku halijui kama mlilipa. Buku linajua tu kilichoandikwa, mpaka mtu mwenye haki alete karatasi ya kulifuta. Karatasi hiyo inaitwa menleve: ni banki inayosema kwa maandishi, "Nimeondoa mkono wangu juu ya uwanja huu." Konservateri akiipokea, ndipo anafuta.

Watu wengi wa zamani walilipa, wakapewa resi, wakarudi nyumbani na furaha. Hakuna aliyewaambia kuna safari moja zaidi mpaka ofisi ya viwanja. Wazee hawa si wazembe. Hawakuambiwa tu.

Zaire 600,000 ni ngapi leo?

Pale kwenye depo watu walicheka sana juu ya hesabu hii, na mimi nilicheka nao. Mwezi wa kumi 1993 zaire mpya ilitoka: moja ilibadilishwa na milioni 3 za zamani. Tarehe 30 mwezi wa sita 1998 franka kongole ikatoka: moja kwa zaire mpya 100,000. Maana yake franka moja ya leo ni miliari 300 za zile zaire za mwaka 1986. Laki sita hazifikishi hata sentime moja.

Prezida wa kooperative akasema: "Basi tumpe sentime, tumalize."

Lakini hapo ndipo penye mtego. Deni linaweza kuwa dogo kuliko punje ya mchele, maandishi yanabaki makubwa kama siku ya kwanza. Tena, ndani ya mkataba wa zamani mnaweza kukuta riba, au bei iliyohesabiwa kwa feza ya kigeni. Msihesabu wenyewe na kusema limekwisha. Mwenye kusema limekwisha ni mwenye rehani, au tribinali.

Banki imebadilika jina, au imekufa?

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: haki ya banki ile iko mikononi mwa nani leo? Kuna njia mbili.

Banki nyingine hazikufa, zilibadilisha jina. Mfano mzuri ni Banque du Congo Belge iliyoanza 1909. Baada ya uhuru ikaitwa Banque du Congo, mwaka 1971 ikawa Banque Commerciale Zaïroise, 1997 ikawa Banque Commerciale du Congo, na tangu mwisho wa 2020 imo ndani ya EquityBCDC. Ukiona moja ya majina haya ya zamani kwenye sertifika, usiseme "haiko." Iko, imevaa shati lingine. Aliyerithi banki amerithi pia rehani zake, na yeye ndiye anayeweza kusaini menleve.

Banki nyingine zilifungwa kweli. Banque de Crédit Agricole, kwa mfano, ilianzishwa 1982 kwa ajili ya kukopesha wakulima, na baadaye ikafungwa na kuwekwa mikononi mwa likidateri. Likidateri ni mtu anayekusanya mali na madeni ya banki iliyokufa. Banki ikiwa katika hali hiyo, yeye ndiye anayesaini. Barua ya kuuliza ni nani likidateri inaweza kupelekwa kwenye Banki Kuu ya Congo, kwa sababu ndiyo inayosimamia mabanki yote.

Na kama hakuna mtu wa kusaini, au yuko na anakataa bila sababu? Basi ni tribinali de grande instance inayoweza kuamuru konservateri afute. Hapo mtafute avoka, msijaribu peke yenu.

Maneno mawili juu ya miaka

Utasikia mtu anasema: "Deni la miaka 30 limekufa kwa sheria." Kuna ukweli ndani yake. Sheria yetu ya madeni na mikataba, ile ya mwaka 1888 inayotumika mpaka leo, inasema kwamba baada ya miaka 30 mwenye kudai anapoteza haki ya kushitaki. Lakini angalieni mambo mawili.

Kwanza, konservateri hafuti kwa sababu wewe umehesabu miaka. Anataka menleve au hukumu.

Pili, na hili ni hatari kubwa: miaka hiyo inaweza kukatika. Mtu akiandika barua na kusema "nakubali baba yangu alikuwa na deni kwenu, naomba mnipunguzie," amelikubali deni, na hesabu ya miaka inaweza kuanza upya. Kwa hiyo mbele ya kuandika kwa banki au kwa likidateri, mwonyesheni avoka barua hiyo. Andikeni "tunaomba kujua hali ya uandikishaji huu," msiandike "tunaomba msamaha wa deni."

Rehani zinazoandikwa siku hizi ziko chini ya sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu iliingia mwezi wa tisa 2012. Hizo zina tarehe ya mwisho, na zisipoandikwa tena mbele ya tarehe hiyo zinapoteza nguvu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema rehani zilizowekwa mbele yake zinabaki chini ya sheria ya zamani. Kwa hiyo msichukue tarehe ya rehani ya jirani kuwa ya kwenu.

Karatasi zilizoungua

Hapa Ankoro hatuwezi kuzungumza karatasi bila kukumbuka mwezi wa kumi na moja 2002. Nyumba ziliungua nyingi, na ndani ya nyumba ziliungua resi, mikataba, hata vyeti vya shule. Yule mzee, resi za banki za baba yake zilikwenda siku hizo. Sertifika ilipona kwa sababu shangazi yake alikuwa ameichukua Kalemie.

Kama karatasi ya kwenu iliungua, kumbukeni kuna ile ya pili ndani ya buku kwa konservateri. Sheria inaruhusu kuomba sertifika nyingine kwa ile iliyopotea. Lakini rehani iliyo ndani ya buku itakuja na sertifika mpya. Moto wa Ankoro haukuifuta ile ya Kalemie.

Kuna somo lingine hapo. Sertifika ambayo muuzaji anakuonyesha, hata ikiwa safi, haitoshi. Inawezekana rehani iliandikwa ndani ya buku na haikuandikwa kwenye ile ya nyumbani. Ndiyo maana kila mara muombe konservateri akuandikie hali ya uwanja jinsi ilivyo leo.

Namna walivyofanya

Turudi kwa kooperative. Usiku ule kulikuwa na mkutano mkali. Mzee alikuwa amesema: mkilipa wiki hii, napunguza bei robo nzima. Vijana walitaka kulipa. "Bei kama hii hatutaipata tena," walisema, na walikuwa na haki. Wengine walimhurumia mzee kwa sababu ya mke wake.

Mama mmoja mjane, ambaye ndiye mtunza sanduku, alingoja mpaka wote wamalize. Akasema: "Bana yangu, hii feza haiko yangu. Ni mahindi ya batu. Minaweza kumusaidia muzee na feza ya safari, lakini siwezi kununua deni na mahindi ya batu." Akanyamaza. Watu wakanyamaza naye.

Walichofanya ni hiki. Waliandika na mzee ahadi ya kuuza, mbele ya mashahidi, wakaenda kuithibitisha kwa notere. Ndani yake waliandika bei, na kwamba bei italipwa siku rehani itakapofutwa na siyo mbele. Mzee naye aliahidi hatauzia mtu mwingine katika muda huo. Walimpa feza kidogo kwa safari na kwa matunzo ya mama, kwa resi, ikatwe kwenye bei. Kwa kawaida kufuta rehani ni kazi na gharama ya muuzaji, lakini muuzaji asiye na kitu hawezi kufika Kalemie kwa miguu.

Mzee na sekretere wa kooperative wakashuka Lualaba mpaka Kabalo, halafu njia ya Nyunzu mpaka Kalemie. Konservateri akafungua buku: rehani ilikuwamo, vile vile kama kwenye sertifika. Akawapa karatasi ya hali ya uwanja. Banki ilikuwa ya zile zilizofungwa. Avoka mmoja wa Kalemie akawasaidia kuandika kwa likidateri, na kwa sababu sertifika ilikuwa bado kwa jina la marehemu, akawasaidia pia kutengeneza urithi, ndugu wote wakasaini. Hapo dada mmoja aliyeolewa mbali akajulikana. Kama wangelipa ile wiki ya kwanza, angekuja baadaye kudai sehemu yake kwao.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa baada ya miezi minne: walikuwa wanaomba kopi za karatasi. Ya tatu ilileta jibu zuri: ndani ya mabuku ya banki deni halikuonekana tena. Menleve ikasainiwa mbele ya notere, ikatumwa Kalemie, konservateri akafuta. Yote ilichukua miezi 11.

Sitawadanganya kwamba haikuuma. Msimu mmoja ulipita tena bila depo, na walilipa nyumba ya kupanga bei ya juu. Yule mama mgonjwa alipelekwa Lubumbashi kwa mchango wa familia, akapona, lakini mzee aliuza mtumbwi wake. Bei ya depo haikupunguzwa tena. Lakini siku walipolipa, walilipia uwanja ambao hakuna mtu mwingine mwenye mkono juu yake.

Jambo moja juu ya jina la kooperative

Sertifika mpya iandikwe kwa jina la kooperative, siyo kwa jina la prezida. Kwa hiyo kooperative iwe imesajiliwa kwanza kama sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika inavyotaka. Tena msishangae: mzee alikuwa na haki ya milele juu ya uwanja, kwa sababu ni mtu na ni Mkongomani. Kooperative siyo mtu wa mwili, kwa hiyo inapewa haki ya muda, kwa kawaida miaka 25, na inaweza kuombwa tena. Andikeni tarehe ya mwisho kwenye ukuta wa ofisi, watoto wetu waione.

Na mashamba yetu yasiyo na sertifika?

Mashamba mengi ya wanamemba yako chini ya desturi, hayana sertifika. Banki haiwezi kuandika ipoteke juu yake. Lakini kuna rehani ya mdomo: mtu amechukua magunia mawili kwa jirani, akamwachia shamba mpaka alipe. Miaka inapita, wawili wote wanakufa, watoto wanagombana. Fanyeni kama kwa konservateri: siku ya kukopa andikeni mbele ya chifu na mashahidi, na siku ya kulipa rudini kwa chifu yule yule muandike kwamba imekwisha.

Mbele ya kutoa franka moja

1. Geuza sertifika, soma pande zote, na ulize kila muhuri maana yake.
2. Omba konservateri karatasi ya hali ya uwanja, ya mwezi huu, siyo ya mwaka jana.
3. Kama jina ni la marehemu, urithi utengenezwe kwanza, na ndugu wote wasaini, hata walioolewa mbali.
4. Kama kuna rehani, tafuteni nani ana haki ya kusaini leo: banki iliyorithi, likidateri, au tribinali.
5. Barua kwa banki ionwe na avoka mbele ya kutumwa.
6. Andikeni ahadi ya kuuza yenye sharti, feza ibaki kwenye sanduku kwa saini mbili.
7. Malipo ya serikali yalipwe banki kwa noti ya kulipia, siyo mkononi mwa mtu. Chukueni resi, mpige kopi, kopi moja ikae mji mwingine.
8. Lipeni siku mnapoona kwa macho kwamba rehani imefutwa ndani ya buku.

Na wewe mwenye uwanja unayesoma hii, ambaye hufikirii kuuza leo: fungua sanduku la baba yako wiki hii. Kama kuna muhuri wa banki nyuma ya sertifika, anza kuushughulikia sasa, ungali na nguvu na hakuna mgonjwa nyumbani. Yule mzee aliniambia siku ya mwisho, tukiwa tumekaa chini ya mabati mapya: "Kama papa angeniambiaka tu, ningefanya hii safari nikiwa kijana."

Mavuno mema, na tuonane depo.